Milamula Niliyoipanda kwa Mkono Wangu

Nshambya, Bukoba

Mdogo wangu Mwanaidi,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu mvua hizi za masika zianze. Sikuugua, wala barua zako hazikupotea. Nilikuwa na jambo nisiloweza kuliandika bila hasira, na mwenye hasira huandika ovyo. Natumai wewe na watoto hamjambo, na goti lako limepoa. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ingawa siku hizi hapa kumuuliza mtu hali yake ni jambo la kuogopa. Ugonjwa huu umefunga nyumba nyingi.

Nilikueleza habari za kilima chetu, kilichobaki kitupu baada ya vita kwa kuwa miti yote ilikatwa kuni. Ni ardhi ya wazi, ya watu wote. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukipanda miti kila Jumamosi, kwa hiari yetu: mimi, rafiki yangu Ta Laurenti aliye seremala, na majirani. Misindano, ile misonobari ya majani membamba kama sindano, imekua mirefu. Tumetengeneza njia na viti vya magogo, na jioni watu huja kupumzika.

Tulikubaliana pia kwamba mbwa waruhusiwe. Najua utacheka. Siwafugi wala siwagusi. Lakini nyumba zilipofungwa, mbwa walibaki barabarani wakipigwa mawe, nasi tukasema hapa wasipigwe. Ma Koku, mjane jirani yangu, huja na wake aitwaye Watachoka. Nilimuuliza ni nani hao watakaochoka. Akajibu, “Wanaonisema, Mwalimu. Nikimwita mbwa, wao ndio wanageuka.”

Ta Laurenti unamjua kwa barua zangu. Vita vilipoingia, ndiye aliyenipeleka kwa wakwe zake Muleba, nikaishi nao kama ndugu. Basi mwaka juzi alishauri tuuzungushie msitu milamula, mimea ya majani marefu ambayo ukichomeka kipande tu hushika. Niliona ni vyema watu wajue bustani inaanzia wapi. Akanikabidhi vipande, akasema, “Mwalimu, tuanzie wewe. Mkono wako ni mwepesi.” Nikapanda mstari mzima mbele ya majirani. Walinitazama bila kusema neno, nikadhani wananistahi.

Mwezi uliopita nilikuta njia imezibwa kwa miiba, na wapasua mbao wanachimba shimo la kupasulia magogo. Watachoka alinipita akichechemea. Alikuwa amepigwa jiwe. Laurenti alikuwa amesimama ndani.

“Karibu, Mwalimu. Lakini leo piga hodi kwanza.”

“Nipige hodi msituni?”

“Kwenye kibanja changu. Mpaka uliuweka mwenyewe, na watu waliona.”

“Nilizungushia bustani ya watu.”

“Huku kwetu mulamula hauzungushii bustani ya watu. Unasema hapa ni pa fulani. Umekaa Buhaya miaka yote hii, hukuuliza?”

Nilimwambia miti hiyo si yake. Akaonyesha mji kwa kidole: “Watu wanazikwa kwa mikeka kwa kukosa majeneza, na wewe unataka mbao zisimame zikipunga upepo ili mbwa wapate kivuli!”

Mwanaidi, angeyasema hayo mbele yetu sote, mimi mwenyewe ningemshikia msumeno. Hakuomba mbao. Alitaka kilima, na akautumia mkono wangu kwa sababu wake ungeshukiwa.

Nilikwenda kwa Ma Koku. Alikuwa akimenya ndizi, wala hakuinua uso.

“Mlijua?”

“Wote tulijua.”

“Hamkuniambia!”

“Mume wangu amelala ndani ya mbao za Laurenti, Mwalimu, wala hakunidai senti. Ningeufungua mdomo huu niseme nini?”

Nilitoka hapo nikalipeleka shauri kwa wazee.

Wazee wa mtaa wamesimamisha kazi ya kupasua mbao. Wamesema kwamba, kwa kuwa niliyepanda ni mimi, ninaweza kuing'oa milamula ile mbele yao, lakini kwanza nitamke kwamba Laurenti alinidanganya. Majirani wataitwa waseme walichokijua. Wengi watanikana, kwa ajili ya marehemu wao, na baada ya hapo sitaweza kuketi tena na yeyote kati yao. Nikinyamaza, misindano itaangushwa, na Laurenti ameniahidi kwamba upande wa juu utakuwa wangu, nijenge nyumba ya uzeeni. Aliyasema hayo akitabasamu, mtu aliyenigawia chakula chake wakati wa vita.

Nisalimie shangazi yetu mkubwa, mumeo, na yule mwanao wa mwisho anayeanza shule. Mwambie fundi cherehani, jirani yako, kwamba kanzu yake bado naivaa.

Wazee wananingoja baada ya gulio lijalo. Nikishaamua, nitakuandikia. Nikiing'oa, nitakuomba unitayarishie chumba. Nisipoing'oa, nitakuandikia vilevile, lakini barua hiyo usiisome kwa sauti mbele ya watoto.

Kaka yako,
Salimu