Simu Ilisikia Maembe

Kiplombe,
Eldoret.
8 Februari 2026

Mpendwa shangazi yangu, Senge Leonida,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa ndugu yangu Byron. Huko Gaborone mnaendeleaje? Goti la Uncle Tshepo limepata nafuu? Na Kefilwe, bado anagombana na mboga? Huku jua limekaza, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi, lakini sisi wawili tu wazima. Ningependa kuandika kwamba sote watatu tu wazima.

Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu huwa nalia kabla hatujamaliza salamu, nawe unabaki ukiita haloo, haloo, ukidhani ni mtandao.

Nianze na masomo, maana hukosi kuyauliza. Bado niko mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta. Mchana nauza dawa za mifugo pale dukani mjini, jioni na Jumamosi naenda chuo. Muhula huu tunasoma lugha mbili mpya za kompyuta. Mwalimu wetu anazisifu sana, eti neno moja lina maana moja na basi. Mimi humtazama tu.

Senge, tangu kiharusi kile, Baba hajarudi kwenye Kiswahili. Mkono wa kulia umelala, na maneno machache yanayomtoka ni ya Kibukusu, tena yamekatikakatika. Unaijua nyumba yetu. Marehemu Mama alikuwa Mnandi, wakakubaliana na Baba kwamba humu ndani tutaongea Kiswahili, asiwepo wa kujiona mgeni. Sasa namuuguza baba yangu na simwelewi. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Kuna neno moja analolirudia kutwa. Byron akanijia juu: "Si wewe ndio unasoma computer? Wekea yeye simu, itranslate!" Nikamwekea. Simu haijui Kibukusu, lakini nayo haikutaka kuonekana mjinga. Ilisikiliza, ikafikiri kidogo, ikaandika kwa Kizungu: mango. Tulifurahi kama watoto! Nilikimbia sokoni nikachagua maembe mazuri, nikamenya, nikamkatia vipande vidogo vidogo. Alikitema cha kwanza, akageukia ukutani, akalia.

Juzi Mzee Mabonga, yule aliyeendesha malori pamoja na Baba, alikuja kutoka Soy kumwona. Hata hakuwa ameketi vizuri. Baba alisema neno lake, na Mzee akavua kofia.

"Anasema engo," akaniambia. "Anataka nyumbani, mama. Kwao."

Wiki zote hizo mimi nilikuwa namshika mkono nikimwambia, Baba, tulia, tuko nyumbani. Si nyumba hii aliijenga yeye mwenyewe? Jikoni bado kuna alama za vidole vyake kwenye saruji. Sikujua kwamba miaka yote hii alikuwa amefikia hapa tu.

Na kwao ni wapi sasa? Nyumba ya Kukhu, mama yenu, ilianguka, pale pote ni miwa, na wa boma lile mmebaki wewe na yeye tu. Daktari naye amekataa katakata, anasema safari itammaliza. Mzee Mabonga alimbembeleza kwa Kibukusu, ila Baba alitikisa kichwa na kurudia neno lile lile. Sina la kufanya. Nikitoka kazini linanipokea mlangoni.

Nilitaka kuahirisha muhula. Lakini saa ya darasa ikifika, Baba hunyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea begi langu, na hakishushi mpaka nilibebe. Kichwa ngumu, unamjua. Basi naenda, nakaa mbele ya kompyuta, na hakuna kinachoingia.

Senge, nina ombi. Ulipopiga Krismasi tuliweka sauti juu, ukaongea Kiswahili ili tusikie sote. Ulitufikiria sisi, na tulishukuru, lakini yeye alitazama dari tu. Safari hii sisi tuache nje. Jirekodi ukiongea naye kwa Kibukusu, polepole. Mtajie kisima, mtajie ile ng'ombe iliyokuwa inawakimbiza, na vile Kukhu alivyokuwa anawaita mkichelewa kurudi. Usihangaike kunitafsiria.

Msalimie sana Uncle Tshepo na Kefilwe. Byron anasema anakudai picha. Mungu awafunike huko mliko, aendelee kuwapa afya na amani nyumbani mwenu.

Siwezi kumpeleka Baba, Senge, na siwezi kumjibu. Kushika simu karibu na sikio lake, hiyo naweza.

Wako akupendaye,
Angeline Nanyama