Mshika Mguu wa Llywelyn

Jumatatu, 5 Mei

Nimeshinda vita! Vasco da Gama mwaka huu anapumzika.

Ilikuwa kwenye kikao cha walimu. Bwana Gerishom, mkuu wetu, akafika kwenye ajenda ya mchezo wa Siku ya Wazazi, akavuta pumzi ataje jina lile lile. Kila mwaka Vasco anashuka Malindi, anapewa machungwa, anapewa rubani, anakwenda zake, na wazazi wanapiga makofi kwa heshima tu. Nikanyoosha mkono. Nikasema mwaka huu tuwape wafalme wa Wales, wale wa karne za kati. Bwana Gerishom akauliza kama wamo kwenye silabasi. Nikasema hawamo, na huo ndio utamu wao!

Ujasiri huo niliutoa wapi? Najua nilikoutoa. Ngowa wa Hesabu alikuwa ameketi mbele yangu. Aligeuka, akacheka kile kicheko chake, na jino lake lililomeguka likaonekana. Kwa kicheko kile ningependekeza hata historia ya sabuni.

Jumatano, 7 Mei

Mvua tangu alfajiri. Bati linapiga kelele, mtaa wetu wote wa Kibarani tope. Sijali. Nasoma kile kitabu cha msaada nilichokiokoa maktabani — mchwa wamekula jalada na sura nzima ya katikati, waliobaki wote ni wafalme. Watu gani hawa! Gwynedd kaskazini, Powys mashariki, Deheubarth kusini. Anakuja mfalme mmoja, Rhodri, anaziunganisha nchi kwa jasho, anakufa, wanawe wanagawana. Anakuja mjukuu wake, Hywel, anaunganisha tena, anakufa, zinatawanyika tena. Kwa nini? Kwa sababu kwao kila mwana ana fungu lake, hata wa nje ya ndoa, mradi baba amemkubali. Basi ndugu wanatoboana macho. Kweli kabisa, macho! Na mwana mfalme mmoja alikuwa mshairi wa mapenzi, maskini. Baba yao hajapoa kaburini, ndugu zake wa kambo wakamuua.

Nilimsimulia Ngowa wakati wa chai. Akasahau andazi mkononi. Akasema hizo ni kesi za mashamba za huko kwao, tofauti ni taji tu. Nikamwonyesha jina: Llywelyn wa Gruffudd wa Llywelyn. Akagonga meza! Huyu ni Mgiriama, akasema — babu na mjukuu jina moja. Yeye mwenyewe ni Ngowa wa Mramba wa Ngowa. Tukacheka mpaka kengele ikatupita.

Jumapili, 11 Mei

Shule ya Keroka, kwetu Kisii, wamepiga simu tena. Kazi ya kudumu, nyumba ya mwalimu humo humo, karibu na mama. Wanataka jibu Jumatatu ya tarehe ishirini na sita. Mama ameshanichagulia mapazia.

Idah akauliza nangoja nini. (Tunakaa nyumba moja, anafundisha Kiswahili, hana siri hata moja, wala ya mwenziwe.) Nimechoka kuficha, nikamwambia. Nampenda Ngowa. Akisema neno moja, moja tu, nabaki Kilifi. Asiposema, naenda Keroka kutundika mapazia. Idah akasema basi anza wewe. Mimi! Mimi binti wa Moraa, nimtongoze mwanamume ambaye hajanitongoza? Aanze mwenyewe, mdomo anao. Idah akasema mapenzi ni kikohozi, na kwamba mimi nakohoa hadi kidato cha kwanza wanasikia.

Alhamisi, 15 Mei

Wametugawia nafasi! Shule hii ina desturi yake: Siku ya Wazazi walimu ndio huigiza, na Kidato cha Tatu ndio hutuongoza. Kututuma tuma siku chache hizo ndiyo raha yao ya mwaka mzima. Mkurugenzi ni Cynthia, binti wa Mambrui, hacheki ovyo. Akasimama mbele akasoma.

Mfalme Llywelyn Mkuu: Mwalimu Ngowa. Moyo wangu — puu! Malkia Siwan, binti wa mfalme wa Waingereza: Mwalimu Idah. Idah!! Mimi je? Mshika mguu.

Masikio yaliwaka moto. Nilirudi na kitabu nyumbani nimenuna. Kumbe! Mshika mguu ni cheo. Kimo katika sheria zao, zile wanazosema ni za Hywel. Mfalme akiketi mezani, mshika mguu anaupakata mguu wake mpaka mfalme akalale. Akiwashwa, anamkuna. Na anakula naye sahani moja! Malkia je? Chumbani kwake na wajakazi. Haya Idah, vaa taji uende chumbani!

Jumatatu, 19 Mei

Nimeushika.

Wa kulia. Soksi ya kijivu, tundu kwenye kidole gumba. Akasema, "Mwalimu, samahani kwa soksi." Nikasema hakuna neno, na sauti ikatoka nyembamba sijui ya nani. Nikafika mahali pa kumkuna, nikamkuna — akaruka, taji likadondoka! Kumbe anatekenyeka! Mfalme aliyewatetemesha majirani wote wa Gwynedd! Kidato cha Tatu walilala chini kwa kucheka, isipokuwa Cynthia, aliyesema turudie. Tukarudia. Tukarudia tena. Cynthia, Mungu akubariki.

Tukirudisha viti Ngowa akaniuliza kama ni kweli naenda Keroka. (Idah, mdomo wako!) Nikasema labda. Akasema, "Aa."

Aa! Mtu anayeeleza logarithimu saa nzima bila kumeza mate! Nimeunguza ugali kwa hasira.

Jumatano, 21 Mei

Hajasema kitu. Kaniletea dafu. Dafu ni neno? Idah asema si neno. Nimelinywa.

Alhamisi, 22 Mei

Mazoezi ya mwisho. Kisa kinakwenda hivi: Llywelyn amezeeka, ameona nchi ikichanwa vipande kila baba anapokufa, amechoka. Anawaita wakuu wote waape kumfuata mwanawe mmoja tu, Dafydd. Gruffudd, mkubwa, mwana wa mwanamke mwingine, yuko pembeni anasaga meno. Mimi niko chini na mguu. Ngowa anaposema, "Nataka kitu kimoja kisigawanywe," nywele zinanisimama, na simwoni Dafydd wala Gruffudd.

Cynthia alikuja baadaye na swali. Kitabu kinasema mguu ulioshwa kabla ya kushikwa? Nikasema hakisemi. Akasema kwao Mambrui mguu haushikwi mkavu, wageni watashangaa, na hadhi ya mfalme je? Akili yangu ilikuwa kwingine. Nikasema fanyeni mnavyoona inafaa. Akainama kwa adabu nyingi mno. Mtoto mzuri.

Ijumaa, 23 Mei

Hawe yake anakuja kesho! Hawe, yaani nyanya yake, Bi Kabibi, aliyemlea Mambrui. Ngowa asema anakuja kumwona mjukuu wake akiwa mfalme. Kisha akaongeza kwamba anataka kuniona na mimi. Mimi kwa nini? "Nimekutaja taja," akasema, na papo hapo akakumbuka ana kipindi kidato cha pili.

Ametaja! Kwa nyanya! Lakini kwangu bado ni "Aa" na dafu. Nimesuka nywele. Ee Mungu, kesho nisizimie na mguu wa watu mkononi.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika darasani, nimejifungia. Mikono inanukia marashi. Nje vigelegele havijaisha. Niandike upesi kabla sijasadiki kwamba nimeota.

Tulianza vizuri. Ukumbi umejaa, wengine madirishani. Idah akapita na taji, akashangiliwa, akaenda chumbani kwake nyuma ya pazia. Ngowa akaingia na joho la kitambaa cha meza ya ofisi — na bado alipendeza! Akaketi. Nikaketi chini, nikaupakata mguu. Akaanza kuwaambia wakuu habari ya kiapo.

Hapo akatokea Cynthia. Beseni, birika, chupa ya marashi. Haya hayakuwamo! Akamvua mfalme kiatu, akamvua soksi, akanipa birika, akaninong'oneza, "Osha, mwalimu." Wazazi wote wanatazama. Ningefanya nini? Nikaosha.

Kigelegele kimoja, nyuma kabisa. Kisha vitatu. Kisha ukumbi wote! Kina mama wamesimama, wanaimba, wanapunga leso. Nami, mjinga mimi, nikajua wameipenda Wales! Nikaongeza maji. Nikaosha hadi kati ya vidole.

"Mwalimu," Ngowa akanong'ona, jasho linamtoka, "unajua unachofanya?"

Nikasema naosha mguu wa mfalme.

"Huku ni mguu wa bwana arusi unaooshwa hivyo. Mlangoni kwao bibi arusi. Kabla hajaingia."

Nikaganda. Maji yanachuruzika mpaka magotini kwangu. Kwetu Kisii hakuna kitu kama hicho, ningejuaje? Ningeuachia, lakini sheria inasema mguu hauachiwi mpaka mfalme akalale. Nami sikutaka kuuachia. Na yeye — hili niliandike vizuri — yeye hakuuvuta.

Bi Kabibi akapanda jukwaani. Mwembamba, miwani mizito, kafungia leso kifuani. Nikamwambia shikamoo nyanya, kutoka kule chini. "Marahaba, mwanangu. Na wa pili huuoshi, au watuozea nusu?" Ukumbi ukapasuka! Akaivua leso yake ya juu, mpya, ndiyo kwanza imetoka sandukuni, akanifunika mabegani. Halafu akamgeukia mjukuu wake. Kicheko kikamfutika usoni. "Na wewe umeketi kama gunia la chokaa. Mwana wa watu amekuosha mbele ya kaumu, nawe hujamwambia hata mamake? Wazee wake wako wapi?"

Bwana Gerishom, kando yangu, akauliza taratibu kama na hili limo kitabuni. Cynthia akamjibu kwamba limo, kwenye ile sura iliyoliwa na mchwa.

Kiapo hakikuapwa. Dafydd na Gruffudd wamekwenda kula pilau pamoja. Wales yote haina mrithi.

Nilikimbilia huku. Idah akanifuata, anacheka mpaka taji limemziba jicho. Alijua! Yeye, Kidato cha Tatu chote, hadi mpishi! Nikamwuliza, na Ngowa? Akasema Ngowa hakujua, aliambiwa kuna beseni la maji tu, ndiyo maana jasho lile. Nikamfukuza. Kisha nikamwita tena nimwulize simu yangu iko wapi. Akasema amempa mtu. Nikamfukuza tena.

Sasa namwona Ngowa dirishani, chini ya tangi la maji. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Bi Kabibi amewekewa kiti cha plastiki karibu yake na anamnyooshea kidole. Ngowa ana simu yangu sikioni.

"Shikamoo, mama."

Anarudia, kwa sauti zaidi. Mama hajui kuitikia, kwetu hatuamkiani hivyo. Atakuwa amesema sawa.

"Mimi ni mwalimu mwenzake. Ndiyo, mama. Wa Hesabu." Anasikiliza. Halafu anacheka! "Ndiyo, ndiye mimi."

Ndiye? Lo! Mimi nimemtaja mara ngapi kwa mama?

Sasa anatembea huku na huku, anachechemea kwa kiatu kimoja. "La, mama, asiende... Keroka pazuri, ndiyo... La, sijamwambia. Naogopa, mama. Nimeona nianze na wewe."

Naogopa! Amesema anaogopa! Nami nilidhani hana neno. Nataka kucheka, nataka kulia, leso hii ina joto na siivui.

Bi Kabibi ameinuka kwenye kiti. Amemsukuma begani. Anakuja! Anakuja moja kwa moja dirishani, tope hadi kifundoni, mguu niliouosha umechafuka tena. Amepitisha simu kwenye nondo, sauti iko juu, nasikia mama anavyopumua. "Amesema nikuulize mwenyewe," asema, "naye asikie."

Mama amenyamaza. Mama yangu, asiyenyamaza hata kanisani!

Ngowa ameshika nondo. Amemeza mate. Amesema, "Bridgit." Bila Mwalimu. Bridgit tu, neno moja —