Saa Aliyoiapia Baba

Dunda, Bagamoyo
14 Agosti 1952

Mpendwa kaka Ausi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Dija, na kwamba lile jino lililokutesa tangu mfungo mosi umekwisha kuling'oa. Mwanamume anayeogopa koleo kama wewe sijapata kumwona. Mwambie wifi akushike mkono, na akishindwa akushike masikio.

Sisi hatujambo, Mungu ashukuriwe. Kisima cha uani kimeshuka na maji yake yana chumvi kidogo, lakini tunakunywa. Kuku wako mwekundu bado yu hai, anataga chini ya kitanda changu kila nikisahau kufunga mlango.

Umeuliza mara mbili sasa kwa nini baba hakujibu. Katika barua yako ya mwisho umesema labda amekasirika kwa kuwa hukuja kumzika Bibi. Ondoa wazo hilo. Kila mtu hapa anajua kwamba simu ilikufikia Bibi Mwanamvua ameshalazwa kaburini. Baba hajibu kwa sababu ya saa. Najua utacheka. Mimi nami nilicheka mwanzoni, na leo najuta kwa kucheka kule.

Unawajua baba na wenzake walivyo na wazimu wa saa. Watu wakipata akiba hununua mbuzi, wao hununua saa zilizokwisha kuvaliwa na watu waliokufa, wakazipanga visandukuni, na kila Ijumaa wakakutana barazani kwetu kuoneshana kama watoto na makombe ya pwani. Huuziana wao kwa wao, bila duka wala risiti, kwa neno tu: mwenye saa anataja kila kasoro anayoijua, mwenziwe anaridhika, basi. Ikizuka kasoro ambayo haikutajwa, saa inarudishwa mbele ya wote. Aliyeuza ama anaipokea, ama anaapa kwamba haikuwa nayo. Tangu nizaliwe sijasikia aliyeapa. Mwaka jana Salumu wa Fukayosi aliuza saa ya kupendeza, ndani yake mna mashine ya saa nyingine kabisa. Alipobanwa aliipokea, wakamcheka mpaka naye akacheka, nikawapelekea kahawa, yakaisha.

Saa ninayokuandikia habari zake nadhani hukuiona, kwani baba aliipata wewe umeshahamia Tanga. Ni ya mfukoni, ya fedha, mgongoni imechorwa jani. Aliipenda kuliko zote, hata mama alikuwa akimwuliza kama ameshaiposa.

Msikiti wetu mdogo hauna saa. Zamani Mzee Mohamedi, muadhini, alikuwa akitoka nje kutazama mbingu mwenyewe. Baba alipopata saa ile, mbingu ikaachwa. Ramadhani hii kila alfajiri Mzee Mohamedi alikuwa akija barazani kuuliza, "Tayari, Mwinshehe?" Na baba anatazama saa, "Bado, acha watu wale." Msikiti wa upande wa pwani ulikuwa ukiadhini kabla yetu. Baba akicheka, akisema wale wana haraka, wataswali usiku. Sisi tukaendelea na daku letu.

Bibi ndiye aliyekuwa wa mwisho kula kila siku, maana ugonjwa ulimfanya atafune tonge moja muda mrefu. Tulimwomba asifunge, akakataa, unamjua. Akisikia ile adhana ya mbali alikuwa akiliweka tonge chini. Baba analichukua, anamrudishia mkononi. "Kula mama, wakati upo." Nimeyasikia kwa masikio yangu kaka, nimekaa pale pale na bakuli la maji.

Sikukuu ilipopita, baba aliiuza saa kwa Bwana Husseni wa Mapinga, maana alikuwa amemwahidi tangu zamani. Alitaja kasoro moja tu, kwamba kifuniko kinalegea. Siku chache baadaye Bibi akafariki. Bwana Husseni alikuja mazikoni, akakaa nasi, hakutamka neno la saa. Alingoja hata hitma ikapita. Huyo ni mtu mwenye adabu zake, nataka ujue hivyo kabla sijaendelea.

Ijumaa iliyofuata akaja nayo. Akasema inachelewa. Ameilaza pamoja na saa zake nyingine, ameilinganisha na ya posta huko Dar es Salaam, na ikifika asubuhi inakuwa nyuma kwa muda wa mtu kuchemsha chai na kuinywa yote. Hakuja kwa ugomvi. Alisema hataki kurudishiwa hata senti, anataka baba aseme tu kwamba ilikuwa hivyo, ili naye akiiuza kesho asionekane ndiye aliyeiharibu.

Baba akaruka. Akasema Husseni ameiangusha, au ameifungua kwa kisu cha jikoni. Tangu aipate yeye haijapotea hata dakika. Bwana Husseni akamwuliza polepole, "Unaiweka sawa mara ngapi?" Baba akajibu, "Kila magharibi, kama mtu yeyote." Bwana Husseni akasema, "Basi ungejuaje, ndugu yangu?"

Nilikuwa nyuma ya mlango na dele la kahawa. Niliwaona kaka, watu wazima wote wanapiga hesabu moja kwa pamoja. Unajua wazee wetu wote hufanya vile: jua likizama, mishale yote miwili inapandishwa kwenye kumi na mbili, siku inaanza upya. Kwao hiyo ni desturi, kama kumnywesha ng'ombe, wala hakuna anayeangalia mishale ilikuwa wapi kabla ya kuipandisha. Kwa hiyo jioni saa ya baba ilikuwa ikisema kweli. Usiku inaanza kubaki nyuma, na alfajiri, tulipokuwa tukiitegemea sote, imeshachelewa. Mzee Mohamedi akaweka kikombe chini. Mtaa mzima ulikuwa umekula mchana wa Ramadhani.

Kama baba angesema pale pale, "Jamani, nimekosea," ingekwisha. Shehe Haji aliitwa, akaeleza vizuri sana mpaka mimi nikatulia. Alisema aliyekula akidhani ni usiku hana dhambi, atazilipa siku zake tu. Na marehemu aliyekufa mgonjwa, asipate nafasi ya kulipa, Mungu hamdai. Akamshika baba bega. "Mwinshehe, pokea saa yako, tufunge siku zetu, yaishe." Baba akautoa mkono wake begani. Akasema, "Mama yangu hakula mchana wa Ramadhani kwa mkono wangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndipo nilipoanza kuogopa. Watu walidhani anabishania saa. Alikuwa anabishania lile tonge.

Bwana Husseni ameitwa mwongo mbele ya watu, naye ana heshima yake, akataka baba aape. Wakapeana wiki nzima. Mama alilia wiki nzima. Nilimfuata baba shambani, nikamwambia baba, nakuomba, usiape. Aliendelea kupalilia kama vile mimi ni upepo. Nilirudi nyumbani nimekasirika hata nikavunja chungu, na si kwa bahati mbaya.

Ijumaa ile walikaa barazani baada ya swala. Baba akatawadha tena, akaniita. Akanituma nilete msahafu wa Bibi. Tunayo mingine mitatu ndani kaka, lakini alitaka wa Bibi, ule wenye kitambaa cha kijani alichokishona mwenyewe. Niliutoa sandukuni, nikaubeba kwa mikono yangu miwili, nikampa. Baba akaweka kiganja juu yake, akasema, "Wallahi, saa hii ilipokuwa kwangu haikuchelewa." Sauti yake ilikuwa safi kabisa. Heri ingetetemeka.

Bwana Husseni akasema, "Nimesadiki." Akainuka, akaiacha saa juu ya jamvi, akaenda zake Mapinga kwa miguu. Hajarudi. Wengine nao hawaji tena Ijumaa. Baraza lipo, jamvi lipo, kahawa nachemsha kwa mazoea, naimwaga.

Tangu siku hiyo tunaishi kwa kutazamwa. Unajua watu wetu wanavyoamini kuhusu anayeuapia msahafu kwa uongo, kwamba mwaka hautoki bila kitu kutokea nyumbani mwake. Mama aliungua mkono kwa mafuta ya maandazi, jambo la kila siku, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima umeshajua. Wakaja kumpa pole, lakini walimtazama baba. Nikienda kisimani wananiuliza, "Hamjambo wote?" Zamani nilijibu bila kufikiri. Sasa nasikia wanatafuta nani amepungua.

Mtaa nao umegawanyika. Wako wanaomfuata Shehe Haji, wanafunga siku zao kimya kimya. Wako wanaosema Mzee Mwinshehe ameapa, sisi hatuna deni. Hao ndio wanaonitisha zaidi, maana wamejificha nyuma ya kiapo cha baba, na kila siku wasiyoilipa inamlalia yeye. Mzee Mohamedi amerudi kutazama mbingu. Akipita mbele ya nyumba yetu anageuza uso.

Sasa nikuambie lililonifanya nichukue kalamu. Saa ile baba ameiweka shubakani chumbani kwake. Nilidhani haigusi. Nilipoingia kufagia nikaikuta inakwenda. Anaitia ufunguo kila siku, lakini ikifika magharibi haipandishi tena mishale. Anaiacha ichelewe. Jana jua linazama, saa yenyewe inasema bado mchana, na baba amekaa kitandani anaitazama. Nikajua kwamba anajua. Amekwisha kujua siku nyingi, pengine siku ile ile ya kiapo.

Na baba anafunga. Mwanzoni nilidhani ni sunna ya Jumatatu na Alhamisi, nikafurahi. Kisha nikaona siku nyingine chakula chake kinakwenda kwa kuku. Nikimpelekea uji ananiambia amekula kwa jirani, na hao majirani hawaingii kwetu. Sasa ni kila siku, hata Ijumaa. Analipa siku zake, na kwa anavyokwenda, nadhani akimaliza zake ataanza za Bibi, ingawa Shehe Haji alisema Bibi hadaiwi. Ugonjwa wake wa kifua umerudi, usiku anakohoa mpaka mama anaamka kukaa naye. Kanzu inamning'inia. Juzi aliinuka kwenda kuswali akaanguka, akasema ameteleza. Sakafu ilikuwa kavu.

Nimemwendea Shehe Haji kwa siri. Amesema mlango haujafungwa: baba amwendee Bwana Husseni, amwambie kweli, atoe kafara ya kiapo, na kwa ugonjwa ule aache kufunga mpaka apone. Neno moja tu kwa mtu mmoja. Bwana Husseni hatamdhihaki, nakuhakikishia. Lakini baba hamsikii mama, na mimi ndiyo kabisa, mwanamke niliyeachwa na kurudi na masanduku yangu. Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza. Wewe ukimshika mkono kwenda Mapinga atakwenda. Nina hasira naye kaka, hasira kubwa, na nampenda, na naogopa asije akafa na kiapo kile mdomoni. Omba ruhusa kazini. Wakikunyima, toroka.

Mama anakusalimu sana, mkono unapona. Shangazi Mwanamkasi anakusalimu, anauliza kama ile mikeka mliipata. Watoto wa Salumu walipita hapa na nazi, wanakusalimu nao.

Baba pia ana salamu. Amenikuta naandika, amesimama mlangoni ameshika mwimo, na sikuificha karatasi. Ameniuliza kama ni wewe ninayekuandikia, nikasema ndiyo. Akavuta pumzi mara mbili, akasema, "Mwambie kaka yako, nikitangulia sijazimaliza, zilizobaki ni zake."

Hakusema zipi, nami sikumwuliza.

Mola akufungulie njia, akufikishe kwetu salama na mapema.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja,
Mwanaharusi binti Mwinshehe