Tukutane Mwambani

Lüderitz, 6 Januari 1999

Mpendwa Ouma,
Hujambo huko Keptauni? Sisi wazima, ila upepo wa jana umeng'oa bati la jirani. Nimefurahi kusikia wajomba wamekulipia safari ya meli ya watalii, na kwamba itatia nanga hapa asubuhi moja. Tangu nizaliwe nakuona pichani tu. Nitakupeleka kwenye kaburi la mama. Nimelizungushia mawe meupe. Bandarini kuna watu wengi, nitaona haya hata kukuamkia. Tukutane mwambani.
Mjukuu wako, Hendrina

Keptauni, 19 Januari

Hendrina wangu,
Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanagoma. Mwambani? Unanielekeza mimi niliyezaliwa huko, mtoto wewe! Haya yako iache nyumbani. Ukikosa la kusema, nitasema mimi. Mama yako alikuwa akinikimbia kwa maneno yangu mengi. Nataka nilione kaburi lake nikiwa na wewe.
Bibi yako, Ouma Tabita

Walvis Bay, 11 Februari

Hendrina,
Hali yako? Nakuandikia kutoka bandari inayofuata baada ya Lüderitz. Kiongozi wa watalii alinishika mkono: "Mama, panda basi, twende kanisani!" Nikamwambia, "Mwanangu, kanisa hata kwangu lipo. Nina miadi." Nikajikokota hadi Kisiwa cha Papa, kilichounganishwa na mji, mwambani, Wajerumani walikowafungia watu wetu, Wanama, wakafa. Bibi yangu hakupaita jina jingine ila Mwambani. Nilingoja mpaka meli ikapiga honi. Nikavua kitambaa changu chekundu cha kichwani, nikaupungia mji mzima, labda utaniona. Nikarudi melini, nikamsihi baharia tusubiri kidogo. "Bibi, hii si teksi!" Kaburi la mama yako liko upande gani? Hata pa kugeuzia uso sikupajua. Ulikuwa wapi, mwanangu?
Ouma

Lüderitz, 20 Februari

Mpendwa Ouma,
Natumaini umefika nyumbani salama. Shuleni kwetu, mwambani ni kanisa lililojengwa juu ya mwamba. Nilisimama mlangoni pake tangu asubuhi. Basi liliposhusha watu, nilimtazama kila bibi usoni. Mmoja akanipa peremende.
Kutoka pale kisiwa chote kinaonekana. Nilimwona mtu amesimama peke yake, akipunga kitambaa chekundu. Nikasema moyoni, maskini, anayemngoja kachelewa. Nikampungia mkono, asijione mpweke. Kisha nikageuka, nikaendelea kukutafuta.
Mjukuu wako