Firigisi Ndani ya Ugali

Nyumbani
8 Machi 2025

Kuka mpendwa,

Mulembe. Natumaini u mzima huko Doha na mgongo umekuachia kidogo. Sisi huku hatujambo kwa kusema tu. Mama presha imempanda, na sasa hivi utaelewa kwa nini.

Baba amechukuliwa. Alhamisi alasiri alikuwa karakanani akichomelea geti la kanisa, wakaja wanaume wasio na sare. Walimuuliza habari za fremu ya pikipiki aliyoletewa aiunge, ati ni ya wizi. Baba akasema aliyeileta anamjua, akamtaja jina mbele ya watu: ni shemeji ya askari mmoja wa huku. Nadhani hapo ndipo alipojiponza. Walimtia pingu, wakamsukumia kwenye gari dogo jeupe lisilo na namba, wakaenda zao.

Nimekwenda kituo cha sokoni, kile cha barabara kuu, na kile cha juu mlimani. Wanafungua kitabu cha OB, wanapitisha kidole kwenye majina ya waliokamatwa, wanasema: "Hakuna Wesley hapa." Mlimani hata hawakukifungua. Askari wa dawati aliniapia kwa Mungu akiwa amekiegemezea kiwiko.

Nikajaribu simu. Nikaandika: orodha ya waliokamatwa, kaunti ya mashambani. Nikaletewa kaunti za Marekani, Kuka! Mahindi matupu kama kwetu, lakini kila aliyelala seli jana yuko pale kwa umma: picha, jina, umri, kosa, hata uzito. Nilikaa nikiwatazama watu nisiowajua. Kuna mmoja aliyeiba trekta, nikamwonea wivu, kwa sababu mama yake anajua alipo.

Sheria inasema mtu afikishwe kortini ndani ya saa ishirini na nne. Lakini asiyeandikwa, saa zake zinaanza lini? Niambie la kufanya. Wewe ndiye uliyezoeana na polisi.

Mjukuu wako,
Nasimiyu


Umm Salal, Doha
8 Machi 2025

Kwa mke wangu mdogo Nasimiyu,

Mulembe sana, na pole. Mpe Mama yako pole yangu, umwambie asinywe chai ya majani mengi. Mimi ni mzima. Mgongo unauma upande mmoja tu, ule mwingine umeshakufa. Sikutumii sauti, maana mpishi wa nyumba hii akinisikia naongea Kibukusu hudhani nagombana na mtu. Na usinicheke kwa kuweka anwani na tarehe huku juu. Shule niliiacha darasa la tano, na anwani ya barua ndicho kitu pekee nilichotoka nacho, pamoja na kengele ya shule, lakini hiyo walikuja kuichukua.

Ati nimezoeana na polisi! Heshima iwepo. Ni kweli, kwa sababu ya pombe ya busaa nimelala kituo cha sokoni mara nyingi kuliko OCS, mkuu wa kituo mwenyewe. Lakini kila mara niliandikwa. Enzi zetu askari alikuzaba kofi kwanza, kisha akakuuliza jina lako vizuri, herufi kwa herufi. Na hao Wamarekani wako wanaobandikwa picha na uzito, mimi nilifikiri ni wagombea. Kwetu anayebandikwa hivyo huwa anaomba kura, na huyo hakamatwi.

Ningepanda ndege leo hii. Lakini unakumbuka lile gari nililoligusa kidogo pale kwenye mzunguko wa barabara. Mwenyewe alifungua kesi, nami nikapigwa marufuku kusafiri. Huku mambo yote yako kwenye simu. Nabonyeza namba ya kitambulisho, natokea mimi, Dominiko, nimekodoa macho kama samaki wa sokoni, na chini yangu maneno kwamba haruhusiwi kutoka nchini. Kila asubuhi nabonyeza. Mwajiri wangu anasema bukra, yaani kesho. Karani wa korti anasema baada ya Idi, maana sasa ni Ramadhani na ofisi zinafungwa mapema. Basi tazama ukoo wetu ulivyobarikiwa: mimi nimeandikwa vizuri mno, siwezi kutoka. Mwanangu hakuandikwa popote, na yeye hawezi kutoka.

Sasa nisikilize, na usibishane na mzee.

Chinja kuku watatu. Watatu, usiwe mchoyo! Kuku mmoja ana firigisi moja, hilo nililijua hata kabla ya darasa la tano. Songa ugali wa kila kituo, na katikati ya kila ugali ufukie firigisi, ili askari wakinyofoa mapaja wasiione. Fika wakati wa chakula, zamu zinapobadilishana. Usiulize kama Wesley yupo, maana ukiuliza, jibu lao limeshapikwa. Wakikuambia onja kwanza, onja pembeni. Sema tu, "Chakula cha Wesley, bakuli nitalifuata jioni." Weka, geuka, ondoka.

Desturi unaijua. Firigisi ni ya mwenye boma, na mwana wa kiume ambaye baba yake bado anapumua haitii mdomoni. Tangu nije huku mnampakulia baba yako, naye anaisukuma kando ya sahani, "Mwenyewe yuko Doha," na paka wenu ananenepa kwa jasho langu. Namjua Wesley. Kichwa chake kigumu kuliko mageti anayoyachomelea. Hata awe na njaa ya kufa ataiacha. Askari hawezi kuacha firigisi, wengi wao si wa kwetu hata. Na mahabusu mwingine akiwa na njaa hana baba. Bakuli litakalorudi nayo, hapo ndipo alipo. Wao wana kitabu chao, sisi tuna chetu.

Kuka wako,
Dominiko


Nyumbani
10 Machi 2025

Kuka,

Mulembe. Mgongo je? Mama ameweza kunywa uji leo.

Nilifanya ulivyosema, jana Jumapili, baada ya kanisa. Sokoni bakuli limerudi kama lililambwa na ndama. Barabara kuu wamerudisha mifupa bila kifuniko, na afande mmoja wa kike ameniuliza nitaleta tena lini, na kama naweza kupunguza chumvi. Firigisi hakuna.

Mlimani yule wa dawati, yule aliyeniapia, amenisukumia bakuli bila kuniangalia. Sikulifungua mbele yake. Nimeteremka mpaka nyuma ya duka la mbolea ndipo nikafunua. Mapaja hayakufika kwake, hilo ulilijua. Mbavu zimetafunwa mpaka mfupa. Ugali umekwisha. Na firigisi, Kuka, iko katikati ya bakuli, imesafishwa ugali wote, haina hata alama ya jino.

Nimelia mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Mjukuu wako,
Nasimiyu


Umm Salal
10 Machi 2025

Mke wangu mdogo,

Sikusalimu kwanza, nitakusalimu mwisho. Hahaa! Si nilikwambia? Yule kijana! Nimepiga honi barabarani bila sababu, na mke wa mwajiri akaniuliza, "Dominiko, nini?" Nikamwambia madam, kuku. Akarudi kwenye simu yake. Amezoea.

Sasa usipande mlimani kupiga kelele. Ukiwaambia unajua, watamhamisha. Nenda kwa yule wakili Gakii aliyesimamia kesi ya shamba la kanisa, ana ulimi kama wembe na hali rushwa kwa sababu hakuna anayethubutu kumpa. Lakini chakula kesho upeleke tena, firigisi ndani, kama kawaida. Waone kuna mtu anafuata bakuli. Mtu anayefuatiwa bakuli si rahisi kupotea.

Mimi mchana nakula mkate nimejikunyata kwenye kiti cha nyuma cha gari kama mwizi, nisiwaudhi waliofunga. Mwambie Wesley akitoka kwamba sote wawili tulikula kwa kujificha.

Haya, mulembe. Hujambo?

Kuka wako,
Dominiko


Nyumbani
12 Machi 2025

Kuka,

Mulembe. Samahani, leo nitaandika kwa kifupi.

Bakuli la jana limerudi tupu. Lote. Hata firigisi.

Nimejiambia labda ni askari wameshaijua siri ya ugali. Nimejiambia labda wamemhamisha. Lile la tatu silisemi.

Leo wakili Gakii ametufikisha Mahakama Kuu, kwa ombi la dharura kwamba mtu aletwe, awe ameandikwa au hakuandikwa. Jaji akaniuliza nimejuaje kuwa yuko mlimani na kitabu kinasema hayuko. Nikaeleza habari ya firigisi. Wakili wa serikali alicheka waziwazi, na nyuma yangu watu wakacheka. Jaji ni mzee wa kwetu. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Na ya jana?"

Nikasema imeliwa.

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akaamuru kituo kimlete mbele yake Ijumaa, akiwa hai.

Nasimiyu


Najma, Doha
12 Machi 2025

Nasimiyu,

Nimesoma nikiwa nje ya duka la vitambaa, namngoja madam. Ni askari. Sikiliza, ni askari tu, walifukua ugali. Wanajua kufukua wale.

Nilitaka kuweka mzaha hapa, nimeutafuta sikuuona. Utanisamehe.

Kuka


Umm Salal
14 Machi 2025

Mke wangu mdogo,

Ni Ijumaa. Korti imeshafungwa huko. Niandikie hata neno moja.

Kuka


Umm Salal
15 Machi 2025

Nasimiyu,

Naona alama moja tu ya kijivu. Barua zangu hazikufikii. Asubuhi nilibonyeza ile namba yangu, nikajikuta. Nikabonyeza tena kwa jina la Wesley, kana kwamba Doha wanaweza kujua. Mashine ikaniambia hakuna mtu kama huyo. Hata hii!

Nimekwenda mpaka lango la nje, nikasimama, nikarudi.

Kuka


Nyumbani
16 Machi 2025

Kuka mpendwa,

Mulembe, mulembe sana. Simu ilizima hospitalini na sikuwa na pa kuichaji. Yuko hai. Naanza na hilo. Yuko hai, yuko kitandani kwake, mbavu zimefungwa bandeji, anachechemea, na ameshamkaripia fundi aliyemalizia geti la kanisa vibaya.

Walimleta Ijumaa karibu korti ifungwe. Kitabu cha OB nacho kililetwa. Jina lake sasa limo, mwandiko mzuri kabisa: Wesley, amekamatwa Ijumaa asubuhi. Siku zote za nyuma hazimo. Jaji alisoma ule mstari, akamtazama Baba ambaye hakuweza kusimama wima, akausoma tena. Amemwachilia kwa dhamana, na ameagiza uchunguzi. Wakili Gakii anasema tusishangilie, kuna kurudi kortini, na yule shemeji bado anatembea sokoni.

Njiani nilimuuliza Baba habari za bakuli la pili. Aligeukia dirishani.

"Niliila mimi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema walimwambia jioni ile atapelekwa msituni, na walivyosema hakukuwa na utani. "Nikasema, kama ni kufa, basi nife nikiijua. Miaka yote hii naisukuma kando."

"Ikoje?"

"Ngumu. Haina lolote."

Akaanza kucheka, mbavu zikamkamata, mwisho wake akalia, na mimi pia.

Anaona haya kukuandikia. Anauliza kama umekasirika.

Mjukuu wako,
Nasimiyu


Umm Salal, Doha
17 Machi 2025

Kwa mke wangu mdogo Nasimiyu,

Mulembe, mulembe, mulembe. Hiyo ya tatu ni ya jaji.

Mwambie nimekasirika sana. Mwanamume mwenye ndevu, mwenye mke na watoto, anakula firigisi ya baba yake ambaye hajafa! Kwa babu zetu angetozwa mbuzi. Msomee hapo mara mbili, umwone anavyoinamisha kichwa.

Kisha msomee hii polepole.

Mimi ya kwanza niliila tulipotoka kumzika baba yangu. Waliniwekea kwenye sahani peke yake, watu wote wakanitazama nitafune. Ilikuwa ngumu, haina lolote. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni mimi tu, nimeharibika ulimi kwa kilio. Kumbe ndivyo ilivyo, na wanaume wote wa kwetu wanajua, na wote wananyamaza. Sasa Wesley ameionja, nami bado napumua, naye bado anapumua. Hakuna aliyewahi kupata bahati hiyo. Nimeendesha gari kutwa na wazo hilo na sikuwa na wa kumweleza.

Leo pia nimebonyeza. Dominiko, macho ya samaki, haruhusiwi kutoka. Mwajiri kasema bukra. Karani kasema baada ya Idi. Idi ipi, hakusema.

Jumapili mchinjeni huyo jogoo aliyebaki. Kiti changu mkifute vumbi mkiweke mezani, na firigisi muiweke mbele yake, kwenye sahani yangu. Wesley asiiguse! Aliiba moja, inamtosha, mwenyewe nipo.

Ikipoa mpeni paka.

Kuka wako,
Dominiko