Bata wa Bustani ya Mfalme

Jumanne, 8 Juni 1976. Stockholm

Nimelala bafuni tena. Shingo haigeuki. Karin, mwenyeji wetu wa kozi ya ng'ombe wa maziwa, anashangaa kwa nini chumba cha vitanda viwili kinalaliwa na mtu mmoja. Nimemweleza mpaka nimechoka. Mzee Marwa ni baba wa mke wangu. Kwetu mkwe halali chumba kimoja na mkwe, wala hawali meza moja. Na neno la ndoa haliwezi kusemwa uso kwa uso, lazima apite mshenga. Karin aliwahi kufundisha Mbeya, Kiswahili anakijua vizuri, lakini hili linamchekesha.

Na wilaya nayo! Serengeti nzima, wakatuchagua sisi wawili. Yeye mwenyekiti wa kijiji, mimi bwana mifugo wake. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumatano, 9 Juni

Tumepelekwa Djurgården, bustani kubwa ajabu, miti na maji kila upande. Karin anasema zamani lilikuwa pori la mfalme la kuwindia, sasa anaingia yeyote. Kwetu kinyume. Tulikuwa tunaingia, sasa kuna askari wa wanyama.

Mzee aliuliza ng'ombe wako wapi. Hakuna. Majani yote yale! Alisimama akiyatazama kwa uchungu kweli.

Mbele kidogo tukakuta watu wamejilaza kwenye nyasi na nguo za ndani tu, wake kwa waume, wanaota jua. Na mimi niko na baba mkwe! Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akakata kulia, mimi kushoto, tukapotezana. Karin alitutafuta mpaka akanuna. Alipotupata akatubana bega kwa bega, akapiga picha. Nimechukia siku nzima.

Alhamisi, 10 Juni

Darasani siambulii kitu. Namuwaza Robi.

Yuko kwa baba yake tangu masika, na mtoto wetu. Tulihamishiwa kijiji kipya, Nyansurura, mvua zikiwa zimeshaanza. Nyumba ilivuja kila kona. Mimi nikiwa kwenye majosho ya ng'ombe kule Nyambureti, yeye akafunga mizigo.

Siku tunaondoka, Mzee aliwaambia waliomsindikiza, kwa sauti ili na mimi nisikie: "Nikirudi nitalimaliza neno la Robi." Kulimaliza vipi? Kunirudishia ng'ombe wangu wa mahari? Hapo ndoa imekwisha. Sitaki ng'ombe. Namtaka Robi.

Mshenga wetu yuko nyumbani, Kisaka. Huku nimtume nani?

Ijumaa, 11 Juni

Nimefanya upumbavu. Nilimwomba Karin awe mshenga. Akakubali haraka mno. Nilidhani atatafuta wakati wa faragha, ataanza na habari za mifugo na mvua, kama watu. Wapi! Asubuhi, ukumbi mzima unakunywa chai, akamfuata Mzee mezani: "Mzee, je, utamrudisha Robi kwa mume wake?"

Mzee aliweka kijiko chini, akatoka. Mchana hakula. Jioni nilimwamkia shikamoo, akajibu kwa kukohoa.

Karin ananiambia, zungumzeni tu, ninyi ni familia. Ndiyo sababu hatuwezi, mama! Nimekata tamaa. Saa mbili na nusu za usiku na jua bado linawaka. Hata jua la huku halina adabu.

Jumapili, 13 Juni

Bustanini tena, eti tuagane nayo. Karin alitandika blanketi moja, tukae sote watatu. Mzee akakataa. Mimi nikakataa. Karin akasema basi, akaenda kununua kahawa, amekasirika.

Kando ya maji kuna benchi la pande mbili, mtu na mtu wanapeana mgongo. Mzee akakaa upande wa maji. Nikazunguka, nikakaa upande wa njia. Kisha nikamsikia anaongea. Niligeuza kichwa kidogo. Alikuwa anaongea na bata.

"Wewe bata. Kuna kijana mmoja kule Nyansurura. Umwambie binti yangu hakumkimbia yeye. Amekimbia mvua ndani ya nyumba. Aezeke kwanza, ndiyo aje. Mimi ng'ombe za mtu sirudishi. Na umwambie aache kulala bafuni, nakosa pa kuogea."

Machozi yalinitoka, nasema kweli. Yule bata alizunguka benchi akaja upande wangu, anatafuta makombo.

"Bata," nikasema, "mwambie Tata, baba yetu, nimesikia. Nikifika sifungui sanduku. Napanda juu ya nyumba kwanza."

Upande wa pili Mzee akakohoa. Kikohozi kingine kabisa. Karin akarudi na kahawa, akauliza mbona tumekaa kama waliogombana. Tukapokea vikombe, kila mtu upande wake.

Jumatatu, 14 Juni

Ndege ni jioni. Asubuhi niliomba ruhusa, nikaenda bustanini peke yangu. Kulikuwa na ukungu juu ya maji.

Kwetu mshenga anapewa mbuzi. Mimi nilikuwa na mkate wa chai, nimeuficha kwenye koti.

Bata nilimkuta palepale kwenye benchi. Nikammegea. Akautazama tu, hakuugusa. Chini, upande wa maji, alikokaa Mzee jana, makombo ya mkate uleule wa chai yalikuwa yametapakaa.

Nikala mkate mwenyewe, nikarudi kufunga mizigo.