Nyimbo Mia Mbili, Amri Moja

Jumatano jioni

Faili kumi na saba nilizibadilisha jina moja moja, mpaka shingo ikauma. Programu mpya ya kanisa inataka majina ya faili yaishie na DOC, na nyimbo zetu mia mbili za Kijaluo nilizipa TXT. Miezi minne ya kuchapa!

Ndipo nikakumbuka kile kinyota tulichofundishwa kozini, kinachosimama badala ya jina lolote. Nikaandika REN *.TXT *.DOC, yaani kila TXT ibadilike jina iwe DOC, nikabonyeza Enter.

Kimya. Skrini haikusema neno. Nikajua nimezifuta zote, na nakala sina. Nikapiga yowe.

Mama Akinyi, anayechapa barua za pasta meza ya pili, hakuinua hata kichwa. "Mtoto mchanga akilia, tunamtajia majina ya wazee waliokufa. Akinyamaza, amekubali jina. Hiyo yako imenyamaza, sasa wewe unalia nini?"

Nikaziorodhesha kwa DIR. Zote zipo, zote DOC.

Kesho kabla ya chai naziweka kwenye disketi, sitaki tena moyo wangu uruke hivyo.

Mama yangu husema mimi nililia siku tatu, mpaka walipomtaja nyanya yake, Adhiambo. Hapo nikanyamaza, nikalala.

Leo pia nitalala.